Mchaichai wa Mwanne

Katika mtaa ule wa Nachingwea, anunuaye nyumba huchimba pembe moja ili auone msingi, wala hachimbi ya pili. Akikuta udongo mtupu, huondoka na fedha zake, na mwuzaji hubaki na aibu yake. Akikuta mawe na saruji, hununua bila kuongeza neno, kisha humchinjia mwuzaji kuku mbele ya majirani kwa kosa la kumshuku.

Mwalimu Nicholaus aliijua kanuni hiyo, na aliidharau kama alivyowadharau walioitunga. Kiinua mgongo chake chote, jasho la ualimu wa Ruangwa, kilikuwa kinaingia katika nyumba hii, na kingine hakingekuja. Hata hivyo hakuwa na hofu. Angedanganywaje na Shaibu, mkulima wa ufuta kutoka Lionja, mtu aliyeandika jina lake kama anayepalilia?

Aliizunguka nyumba, mikono nyuma, kama akaguaye madaftari ya watoto wazito. Fundi Uwesu alimfuata na sululu begani, na majirani wakamfuata Uwesu.

"Umekwisha kuchagua, Mwalimu?" Shaibu akauliza.

"Haraka ya nini? Nyumba yako ina miguu?"

Majirani wakacheka. Walipofika upande wa jiko, Shaibu akapita mbele, akasimama ukutani.

"Pembe yoyote chimba, Mwalimu. Ila hii, tafadhali, tuiache. Mke wangu amepanda mchaichai, ndiyo kwanza unashika."

Mwalimu akamtazama kitambo. Darasani alikuwa amewaona wengi wa namna hii: mtoto aliyeficha karanga mfukoni hakosi kuushika mfuko wake.

"Mchaichai," akasema polepole. "Fundi, ng'oa mchaichai."

"Mwalimu, nakusihi..."

"Bwana Shaibu, ungalikwenda shule siku moja zaidi, ungalijifunza uongo wenye akili."

Mwanne, mkewe Shaibu, akajifunika uso kwa kanga. Mabega yakamtetemeka.

Uwesu akachimba. "Udongo wa hapa laini, Mwalimu. Laini mno."

"Ni maji ya kuoshea vyombo. Chimba, usinifundishe."

Sululu ikalia juu ya jiwe. Uwesu akakwangua huku na huku: mawe makubwa, yamepangwa kwa ustadi, saruji ngumu katikati yake. Majirani wakapiga makofi. Shaibu aliinama tu, akaokota miche ya mchaichai, akaipangusa mmoja mmoja.

Uso wa Mwalimu ukawaka, si kwa majuto, bali kwa kuudhika kwamba mtu duni kiasi kile alikuwa amejenga vizuri kiasi kile. Akalipa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakapeana mikono, akahamia na mkewe Auleria.

Jumamosi, adhabu ikalipwa. Kuku wawili walichinjwa, wali ukapakuliwa, mkeka ukatandikwa uani. Shaibu alikula bila haraka, akachagua firigisi, akazitafuna huku amefumba macho.

"Kuku mtamu, Mwalimu. Sijapata kuonja kama huyu."

"Kula ushibe. Usizoee."

"Aa, sitazoea, Mwalimu. Nyumba nilikuwa nayo moja tu."

Majirani wakaangua kicheko, na Mwalimu naye, kwa mara ya kwanza, akatabasamu kidogo. Baada ya kunawa, Shaibu na Mwanne wakaaga kila mtu kwa jina, wakapanda gari la Ruangwa, wasigeuke nyuma.

Mwalimu akahesabu deni lake limekwisha. Akamwita Uwesu, akamwonyesha pembe ya sebule kwa nje, mahali pa kusimika nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Uwesu akauinamisha mtaimbo, akausukuma. Ukaenda. Akausukuma tena, ukaenda mpaka mikono yake ikagusa ukuta.

"Baba Scola!" Auleria akapaza sauti kutoka sebuleni. "Mbona mtaimbo umetokea huku ndani?"