Wasifu wa Mwanasiti

Siku hizi baharia haandiki wasifu wake mwenyewe. Huandikiwa na anayebaki nyumbani, na mashine ya kampuni ya meli huupima papo hapo. Basi Bi Mgeni aliketi jikoni na simu yake, akamwandikia bintiye Mwanasiti, fundi wa injini za meli.

Aliandika vyeti vyote, mafunzo ya kuzima moto, miaka minne kwenye tishari za bandarini Tanga. Taa kwenye simu ikawaka kijani. Akaongeza kwa mapenzi: "Binti yangu ana adabu. Hakosi kuniamkia kila asubuhi, hata akiwa safarini."

Taa ikageuka nyekundu.

"Anayesubiriwa nyumbani huvunja mkataba," mashine ilisema kwa upole. "Tafadhali rekebisha."

Bi Mgeni alijua mwanawe alivyoihangaikia nafasi ile ya kazi melini, huu mwaka wa pili. Akaifuta ile sentensi ya kuamkia. Bado nyekundu. Akafuta "binti yangu", akaandika "mpangaji wangu".

Kijani.

"Ahsante. Tutasikiliza nyumbani kwako kwa siku saba, ili kuthibitisha."

Asubuhi Mwanasiti alitoka chumbani na usingizi wake machoni, hajui lolote. Akapiga goti kidogo, kama alivyofunzwa tangu mdogo.

"Shikamoo, mama."

Bi Mgeni akaitupia jicho simu pale juu ya kabati, kisha akaanza kukoroga chai aliyokwisha kuikoroga.

"Mama? Shikamoo."

Marahaba ilikuwa imeshamfika ulimini. Akaimeza.