Uso wa Mke wa Mkata Rufaa

Siku hizi kamera ya rufaa haimtazami mkata rufaa mwenyewe, waongo walishaizoea. Inamtazama mwenzi wake wa ndoa, na huyo akionekana tu kutia shaka, rufaa chali.

Ndiyo maana Mbaruku, aliyehukumiwa miaka saba kwa wizi wa dawa za bohari na sasa yuko nje kwa dhamana, alikuwa sebuleni akimfundisha Sikudhani kuketi kama mke anayeamini. Sikudhani alicheka. Afundishwe nini, naye ameuapia mtaa mzima kwamba mumewe kasingiziwa?

“Mama Shani, hiyo sura ya kuunguza chapati. Legeza.”

“Legeza wewe, mfungwa mtarajiwa.”

“Haya. Nikifika pale pa ufunguo, usipepese macho.”

“Ufunguo gani?”

Mbaruku akakohoa, akanyoosha kola. “Wa bohari. Si nilikwambia?”

“Hukuniambia, baba Shani.”

Kioo cha ukutani kikawaka, mahakama ikatokea. Karani akawatakia asubuhi njema, na kamera ikamgeukia Sikudhani. Mumewe akamshika mkono chini ya meza, akaubana. Sikudhani akatabasamu kama walivyofanya mazoezi, huku jicho la kushoto likianza kucheza lenyewe.