Blanketi la Bi Irja

Katika mji ule uliozungukwa na misonobari, baridi ikishaingia ardhi huwa jiwe, na jembe halizami mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo kila nyumba yenye mgonjwa mahututi humchimbia kaburi mapema, angali hai.

Asubuhi ile Bi Irja aliamka ana nafuu. Alikomba bakuli zima la uji, akajikongoja hadi nyuma ya nyumba kumpa mwanawe habari njema. Tauno alikuwa ndani ya shimo lililomfika kifuani.

"Uji nimeumaliza wote, mwanangu."

"Vizuri, mama," alijibu Tauno, na sepetu haikusimama.

Kando yake palikuwa na rundo la udongo lililofunikwa blanketi zito la sufu. Bi Irja alilitambua. Tangu juzi alikuwa akilitafuta, meno yakimgongana kitandani.

"Hilo si langu?"

"Udongo ukiganda, mama, tutakufukia na nini?"

Theluji ya kwanza ilianza kudondoka. Bi Irja aliinama, akapenyeza mkono chini ya blanketi. Mlikuwa na joto mle. Hakuutoa.