Namba Isiyotulia

Namba ilishuka tena. Tisini na sita, tisini na nne.

Khadija alikigonga kipimo kwa kidole. "Leo uko natafuta kuniua," alikiambia.

Kilikuwa kipimo cha oksijeni ya bwawani, na sharti lake lilikuwa moja. Kabla ya kukitumbukiza majini, unakining'iniza hewani, ndani ya chupa yenye maji kidogo, mpaka kisome mia na kutulia. Hewa haipungukiwi oksijeni, ndivyo alivyofundishwa. Kisiposoma mia, kimeharibika.

Na asingeweza kubahatisha. Mara ya mwisho kipimo cha zamani kilimdanganya, samaki wake wote wakaelea matumbo juu, mtaa mzima wa Mangobo ukanuka. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Leo mvua haikuwa imekatika tangu alfajiri, samaki walikuwa wanahema juu ya maji, na Khadija aliogopa, tena aliogopa kweli.

Mumewe, Jafari, alikesha akililinda bwawa. Alirudi asubuhi amelowa chapachapa, meno yanagongana. Khadija alimlaza, akamwekea jiko la makaa karibu na kitanda, akafunga dirisha, akaziba kila ufa kwa matambara ili mwanaume wa watu apate joto. Kisha akakitundika kipimo msumarini, mle mle chumbani. Kilisoma mia bila ubishi. Akakiacha hapo, akaenda kuondoa majani kwenye bomba la bwawa.

Sasa amerudi, na namba haitaki kutulia. Kichwa kilianza kumgonga. Wasiwasi huo, alijiambia. Afadhali Jafari alikuwa ameacha kukoroma, mtu apate kufikiri.

Tisini na mbili.

Alimpigia simu Léon, fundi aliyemletea kipimo.

"Papa Léon, chombo yako imekufa! Inashuka tu."

"Uko nayo wapi, mama?"

"Mu nyumba. Inje mvua iko nanyesha."

"Bon, toka nayo inje kwanza. Alafu utaniambia."

Khadija alitoka shingo upande, akaurudisha mlango vizuri nyuma yake ili joto lisimpotee mgonjwa wake. Alisimama barazani, chupa mkononi, simu sikioni. Upepo wa mvua ulimpiga usoni na kichwa kikamwachia kidogo.

Namba ilisita. Kisha ikaanza kupanda. Tisini na tano. Tisini na nane. Mia. Ikakaa hapo hapo, haitikisiki.

"Papa Léon, iko muzima!" Khadija alicheka, machozi yakimlenga kwa furaha. "Iko muzima kabisa! Haikukosea hata..."

"Hallo? Mama?"

Khadija alishusha simu. Aligeuka kuutazama mlango alioufunga kwa mkono wake mwenyewe, akatega sikio amsikie Jafari akikoroma.

Alisikia mvua tu.