Bisibisi ya Mlangoni

Shomari, fundi magari aliyesifiwa mji mzima, alikwenda kwa mtalaka wake, Mwajabu, kudai vifaa vyake vya kazi.

"Mama Hidaya, sikuja kugombana. Nataka vifaa vyangu tu."

"Ingia uvichukue, Baba Hidaya. Vyote viko kazini."

Kweli vilikuwa kazini. Spana kubwa ilizuia dirisha bovu lisijifunge. Nyundo ilikuwa jikoni, maji ya nazi yamekauka kichwani mwake. Chini ya sinki, plaizi iliyokazwa kwa kipande cha mpira ilibana bomba lililopasuka, lile ambalo Shomari kila siku alikuwa akisema atalitengeneza kesho.

Alivikusanya huku amenuna. Alipoichomoa plaizi, maji yakaruka.

"Na bisibisi?"

"Iko mlangoni," Mwajabu alisema, akatoka nje.

Tangu kufuli liharibike, alikuwa akiufunga mlango kwa kuchomeka bisibisi hiyo mahali pa kufuli. Aliuvuta mlango, akaichomeka kwa nje.

"Mama Hidaya! Fungua!"

"Bawaba ziko upande wako. Zinataka bisibisi tu, nayo iko huku. Umewatengenezea watu miaka yote. Leo tengeneza kwako, fundi."

Akakaa kizingitini, akapakata ungo, akaanza kuchambua mchele. Maji yalipenya chini ya mlango, yakamlowesha visigino. Hakusogea.

Kisha nyundo ikagonga mara moja. Mwajabu akaacha kuchambua, akatega sikio asikie kama inagonga mlango au bomba.