Kikombe cha Dongodongo

Kila asubuhi mama yake Chancelle hunywa maji mazito ya dongodongo, bamia zile zile ambazo binti huzichemsha maabara. Leo Chancelle alikizuia kikombe kabla hakijafika mdomoni.

"Eh! Si ni wewe ulisema sukari ya ute huu inaamsha askari wa mwili, wapigane na uvimbe?"

"Ndani ya kisahani cha maabara, mama. Bado si ndani ya titi lako. Daktari anakungoja autoe huo uvimbe."

Ute ulining'inia kati ya kikombe na kidole cha Chancelle, uzi mrefu usiotaka kukatika. Mama aliutazama, kisha akaushika mkono ule wenye utelezi.

"Aksanti, mutoto wangu. Dongodongo yenyewe sikuipenda hata siku moja. Ni kisu ndiyo naogopa. Bon, twende, unishike hivi hivi."