Chaza wa Bi Mwanapili

Bi Mwanapili alikuwa amefuga chaza kwenye ghuba kwa miaka kumi na miwili, na mwaka huu walikufa karibu wote. Saumu, mtafiti aliyekuwa akiwapima tangu joto lilipoanza, alimletea majibu mpaka ufukweni.

"Mama, tumeangalia jeni zao," alisema. "Zile za kujikinga na joto zilikuwa zikifanya kazi bila kupumzika tangu mwezi wa pili. Nguvu zao zote ziliishia huko."

"Mwezi wa pili? Mbona walikuwa wazima!" Bi Mwanapili alishtuka. "Ndipo nilipowahamishia kwenye maji mafupi, nipate kuwasugua vizuri. Kila asubuhi nikiwasifu."

Saumu aliinama. Hilo alilijua, ila hakutaka kulisema yeye.

"Hukujua, mama."

"Kumbe walikuwa wanahangaika, nami nawaongezea jua."

Hakulia. Alikibeba kikapu cha wale wachache waliobaki, akaingia baharini na kanga zake mpaka maji yakamfika kifuani. Saumu alimwita. Yeye akazidi kwenda mbele taratibu, akitafuta kwa nyayo mahali penye ubaridi.